Kwa utalii wa ndani, Noah inatosha

Wanaotuhimiza Watanzania twende hifadhini hawatuambii tutalala wapi. Hoteli za ndani ya hifadhi bei zake anaziweza mgeni wa dola. Hema la kulala chini ni la kijana ambaye mgongo bado haujaanza kumdai. Tunaobaki ni wazazi wenye watoto wadogo, wazee wetu, na watu wenye magoti kama yangu. Sisi tunachohitaji ni gari la kawaida lenye godoro ndani, na mahali pa kuliegesha usiku.

Nauza vipuri vya magari hapa Arusha, kwa hiyo mambo haya nimeyaona yakikua mbele ya kaunta yangu. Zamani aliyekuja kuulizia keria alikuwa na magunia ya kupeleka kijijini. Siku hizi anakuja mwenye Land Cruiser za kukodisha wageni, anataka keria ya kubeba hema la juu ya paa, betri ya pili kwa ajili ya friji, na waya wa taa za ndani. Hema hilo ni zuri, sikatai. Unafungua mikanda, unavuta ngazi, linakunjuka na godoro lake ndani, na hupigilii kigingi hata kimoja.

Lakini mwananchi mwenzangu, usilikimbilie. Dukani linauzwa kwa mamilioni ya shilingi. Halafu lina uzito wa kilo 50 hadi 80, na paa za magari mengi ya familia hazikuundwa kubeba zaidi ya hapo gari likiwa linatembea. Fundi akikuchomelea keria ya chuma kizito, uwezo wa paa umekwisha kabla hema halijapanda. Gari linayumba kwenye kona na linakunywa mafuta. Tena ukitaka kuwawahi simba alfajiri, inabidi ulikunje kwanza, maana chumba chako na gari lako ni kitu kimoja.

Na kuna ile ngazi. Mama yangu ana miaka 74, na usiku lazima atoke kujisaidia. Nani atamshusha ngazi saa tisa usiku na fisi analia ng'ambo ya choo?

Ndiyo maana safari ya hifadhi ya Tarangire tulikwenda na Toyota Noah ya kaka yangu, ileile inayobeba watu kwenye harusi na misiba. Noah nyingi za zamani kutoka Japani viti vyake hulala vikawa karibu kitanda. Mabonde kati ya viti tuliyajaza mablanketi, juu tukatandika godoro la inchi nne lililokatwa kwa kipimo. Madirisha mawili tuliyaacha wazi kidogo, moja kila upande, kwa sababu gari likifungwa lote vioo hutoka jasho na kufika asubuhi shuka limelowa. Kwenye uwazi huo tuliweka vyandarua vilivyoshikwa kwa sumaku za spika mbovu, ambazo fundi redio alitupa bure. Tulikuwa na dumu la maji la lita 20, mtungi wa gesi wa kilo sita wa kupikia nje, na taa ndogo ya sola. Mama na wajukuu wawili walilala ndani, sisi wengine kwenye hema kando yao.

Asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo mama, umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala. Ila huyo tembo wenu amevunja matawi usiku kucha, nikamwambia endelea na kazi yako."

Katika hema la chini asingesema hivyo. Pale Simba, kambi iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi, tembo huja kunywa maji kwenye tangi la kambi na nyati hupita katikati ya mahema. Mwezi wa Julai baridi ya pale inapenya hadi kwenye mifupa, na majani yamelowa umande. Mzee aliyelala chini usiku mmoja namna hiyo hatakubali kwenda tena, wala simlaumu.

Noah ina mipaka yake. Kushuka ndani ya kreta kunataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mvua ikinyesha udongo mweusi utakunasa. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, na anzia hifadhi zilizo karibu na lami. Tarangire iko kilomita 120 hivi kutoka Arusha, na lami inakufikisha njia panda ya Kwa Kuchinja. Mikumi barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaipita katikati. Na usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari, wala kulala injini ikiunguruma ili upate joto. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na inaua.

Wapo watakaosema Mtanzania wa kawaida hana gari. Ni kweli. Lakini msiba ukitokea Rombo, tunachangishana na Noah inakodiwa jioni hiyohiyo. Tunaoweza kuchangia gari la kwenda kuzika tunaweza kuchangia gari la kwenda kuona twiga, familia mbili au tatu pamoja.

Kwa TANAPA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ombi langu ni dogo. Kambi nyingi nilizofika zimepangwa kwa ajili ya hema, gari linaachwa pembeni penye mteremko na mawe, na huwezi kulala kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Sawazisheni nafasi chache za magari katika kila kambi ya umma, chimbeni mfereji wa maji ya mvua, wekeni taa ya sola njiani hadi chooni. Bandikeni getini, kwa Kiswahili na kwa shilingi, gharama yote ya familia inayokuja na gari lake na kulala humo. Hayo yakifanyika, bibi na wajukuu watakuja bila kusukumwa na tangazo lolote.