Ulizeni Maji Yalivutwa Vipi

Wasee, mkiambiwa maji ya chini ya ardhi karibu na kituo cha mafuta ni safi, msifurahi bado. Ulizeni yalivutwa vipi.

Kwa kisima cha kupima, pampu inafaa kwenda polepole, chini ya nusu lita kwa dakika. Halafu unangoja pH na oksijeni zitulie, vipimo vitatu mfululizo, ndio ujaze chupa. Ukivuta kwa nguvu, tope linapanda na madini ya risasi yanaonekana mengi kuliko ukweli. Benzini ya petroli nayo inatoroka hewani, ripoti inatoka safi na maji si safi.

Sasa mtu akimaliza kisima na dakika tano, hapo ametubeba ufala. Karatasi ya vipimo itolewe pamoja na ripoti, kila mtu mtaani aione.