Kelele za afisini si za kupuuzwa

Ingia katika ukumbi wa benki jijini mwisho wa mwezi, msomaji, usimame kwenye foleni na usikilize. Mihuri inagongwa, simu zinalia, na karani anamwuliza mzee mmoja nambari ya akaunti yake kwa mara ya tatu. Mzee naye anaitaja kwa sauti ambayo foleni nzima inaisikia. Sasa tazama juu: dari ya saruji. Chini ni vigae, mbele ni kioo. Hakuna kitu humo kinachomeza sauti.

Wengi wetu tukirudi nyumbani na maumivu ya kichwa hulaumu mkubwa wa kazi au msongamano wa magari. Mimi nasema tulitazame pia jengo lenyewe.

Sauti ikigonga kitu kigumu hurudi; ikikuta kitu laini chenye vitundu hupotelea humo. Penye vigae na vioo, neno la kwanza halijafa kabla la pili kufika, basi yote yanakorogana. Hapo watu hupaza sauti bila kujijua, jambo ambalo daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza mwaka wa 1911. Huyu akipaza, jirani yake anapaza zaidi.

Utasema kelele hizo hazimfanyi mtu kuwa kiziwi. Ni kweli, na ndiyo sababu zinapuuzwa. Kanuni za kelele kazini zilizotolewa nchini mwaka wa 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Ni kinga nzuri kwa mtu wa kiwandani, lakini haimfai karani wa afisini.

Mwaka wa 2000, watafiti Gary Evans na Dana Johnson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya makarani 40, wote wanawake. Waliofanya kazi kwa saa tatu katika kelele hafifu za afisi walikuwa na adrenalini nyingi zaidi katika mkojo kuliko wenzao waliokuwa kwenye utulivu. Walipopewa mafumbo yasiyo na jibu, walikata tamaa mapema. Ajabu ni kwamba walipoulizwa, hawakusema kwamba wana dhiki kuliko wenzao. Mwili ulikuwa umeshajua, mwenyewe bado.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka wa 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu yapata sekunde 5.5. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, akapima, na mwangwi ukapungua. Zulia, mapazia mazito na mbao laini za darini hufanya kazi hiyo hiyo leo. Ila usibandike sponji ya godoro ukutani. Hiyo hushika moto upesi. Na anayetaka mazungumzo yake yasisikike chumba cha pili, zulia halitamsaidia. Anahitaji ukuta mzito uliofika darini.

Wenye majengo watalalamikia gharama, ingawa marumaru ya mlangoni hawakuyaona ghali.

Jioni wenzako wakiondoka, piga kofi moja katikati ya afisi. Kuta zikiitikia, mwite meneja naye asikie.