Ngoma ya Ibada si ya Kumpokelea Mgeni Rasmi

Kuna desturi moja iliyoota mizizi katika mikoa yetu ambayo yafaa itazamwe upya. Akitarajiwa mgeni rasmi, basi pamoja na turubai, viti na maji ya kunywa, huandikwa barua ya kuiita kwaya ya kanisa ije kutumbuiza. Kwaya huja, hupangwa juani, huambiwa icheze ule wimbo wake wa Jumapili, na mara nyingine huombwa ibadili maneno mawili matatu ili jina la Mwenyezi Mungu lilipishe jina la kiongozi. Waandaaji hawana nia mbaya. Walakini jambo wanalolitenda ni zito kuliko wanavyodhani.

Kwa upande mwingine, wako ndugu zetu wa Visiwani ambao wakifika Bara kikazi na kuwaona Wakristo wakicheza mbele ya madhabahu, hucheka chini chini na kuulizana: hii ni sala au ni harusi? Afisa anayeiagiza ngoma ya ibada kama anavyoagiza turubai, na msafiri anayeicheka, wamekosea mahali pamoja. Wote wawili wanaamini kwamba kucheza ni burudani tu, wala hakuwezi kuwa sala.

Na tuitazame sala hiyo ilivyo, hapa Chekereni, katika tambarare ya mpunga iliyo chini ya mji wa Moshi. Wakulima wa huku wanaishi kwa maji ya mfereji, na majaruba yao mengi yalitokana na mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mkulima wa mpunga huinama wakati wa kupandikiza, huinama wakati wa kupalilia, na huinama tena wakati wa kuvuna. Sikukuu ya mavuno ikifika, huubeba mpunga wake kichwani mpaka kanisani. Anayetangulia harukiruki. Huenda kwa hatua fupi, wenzake wakimfuata kwa hatua ile ile, mabibi na wajukuu katika mstari mmoja, mpaka mzigo utuliwe mbele ya madhabahu. Mgongo ulioinama jarubani ndio huo huo unaoinuka kushukuru. Kama mwili ulikuwapo kazini, kwa nini uachwe nje wakati wa shukrani?

Sisi tuliolelewa chuoni hatupaswi kulistaajabia jambo hili. Ni mtoto gani aliyekaa mkekani na juzuu yake akasoma bila ya kujisukasuka mbele na nyuma? Hakuna aliyemfundisha, mwili wenyewe hulifuata neno. Zikri ya Kadiria, iliyoenea Unguja na mwambao tangu mwishoni mwa karne ya 19, ina pumzi na miondoko yake. Na Maulidi ya Homu, ambayo Wazanzibari huyaonea fahari, ni safu za watu waliopiga magoti, wakiinama na kuinuka kama mtu mmoja kwa kufuata matari. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya miondoko hiyo, na wana haki ya kukhitilafiana. Lakini aliyekwisha kuiona kwa macho yake hawezi kusema kwamba mwili ukitikisika, basi ibada imekwisha.

Wakristo nao wana hoja katika kitabu chao wenyewe. Humo imeandikwa habari ya Daudi kucheza mbele ya Sanduku la Agano lilipokuwa likiingizwa Yerusalemu, na Mikali, binti Sauli, akimtazama kutoka dirishani na kumdharau. Zaburi ya 149 na ya 150 zinataja kucheza miongoni mwa njia za kumsifu Mungu. Kwa hiyo dharau hiyo si mpya. Hata mfalme ilimpata.

Basi fikra hii kwamba heshima ya sala ni kutotikisika imetoka wapi? Yafaa ikumbukwe kwamba Ukristo ulipanda mlimani huku kwa kupitia Visiwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua misioni ya Kilema mwaka 1890. Walutheri wa Leipzig walifuata mwaka 1893. Walileta shule na zahanati, na hakuna anayelikana hilo. Lakini wengi wao waliiona ngoma kuwa ni ushenzi mtupu, na mwongofu alitakiwa aachane nayo. Mchagga akaiacha iringi nje ya mlango, akaingia ndani kusimama wima na kuimba tenzi za Ulaya.

Si wote waliokuwa hivyo. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kabisa mwaka 1938, alishikilia kwamba mila za ukoo na ujirani wa Wachagga ni msingi wa kujengea kanisa, si takataka za kufagiliwa. Huko Masasi, Vincent Lucas, wa misioni ile ile yenye kanisa kuu pale Mkunazini, alianza mwaka 1913 kuliingiza jando katika malezi ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Lakini hao walikuwa wachache.

Uhuru ulipopatikana, kasumba hiyo ilitajwa hadharani. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge na kutangaza wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi wetu walifundishwa kucheza rumba na chachacha, ilhali wengi wao hawakuwahi hata kusikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango wa mila za mataifa kuingia katika ibada. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alikuwa amekwisha kuikutanisha Sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma za Wasukuma. Sherehe hiyo ya Bulabo inaendelea hadi leo. Wahabeshi hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Waimbaji wa kanisa lao hucheza kwa fimbo ndefu, ngoma kubwa na njuga za chuma mkononi, na wanaihesabu sanaa hiyo kuwa imetoka kwa Mtakatifu Yared wa karne ya 6.

Hata hivyo, mfano unaowahusu zaidi viongozi wetu umetoka kwa jirani, Zaire ya zamani. Katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu Sese Seko uliwaamrisha watumishi wa ofisi na wanafunzi wamchezee na kumwimbia kiongozi. Miondoko ilikuwa ya asili, midundo ilikuwa ya asili, ila moyo haukuwapo, maana asiyecheza alijua litakalompata. Katika nchi hiyo hiyo, tarehe 30 Aprili 1988, Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, ambayo ndani yake padre na wasaidizi wake huizunguka altare kwa mwendo wa kucheza wakati wa utenzi wa Utukufu. Utawala wa Mobutu ulianguka mwaka 1997, na ngoma zake zikaanguka nao. Ile ya altare haikuanguka. Tarehe 1 Desemba 2019 misa hiyo iliadhimishwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, ikiongozwa na Papa Fransisko.

Hatusemi kwamba barua ya kuiita kwaya ni sawa na amri ya Mobutu. Tunasema kwamba njia ndefu huanza kwa hatua moja, na kubadili jina ndani ya wimbo wa sala ni hatua mbaya. Muumini aliyezoea kumchezea Mungu, siku anapotakiwa amchezee mkubwa kwa wimbo ule ule, hunyang'anywa kitu ambacho hakuna bahasha inayoweza kukilipa.

Kweli si kila mtikisiko wa kanisani ni sala. Zipo kwaya zinazoiga mbwembwe za muziki wa dansi, na wazee wa makanisa wenyewe wanalilalamikia jambo hilo. Lakini hukumu hiyo ni yao. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeweka wazi kwamba kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za dola. Afisa wa serikali si mpimaji wa hatua za waumini, wala si mwajiri wao.

Kwa hiyo tunatoa rai. Mapokezi yanapohitaji ngoma, viko vikundi vya ngoma vinavyoishi kwa kazi hiyo. Viitwe, na vilipwe haki yao. Kwaya ikialikwa, iulizwe kwanza, iwe huru kukataa, na isitolewe ibadani Jumapili kwenda kumngojea mtu barabarani. Maneno ya sala yasiguswe kabisa. Nanyi ndugu zetu wa Unguja na Pemba, mkipita huku mkawaona watu wamebeba mpunga wakienda kwa hatua moja, wapeni adabu ile ile mnayoitaka kwa mgeni anapozikuta safu za Homu.

Chama na Serikali vina mengi ya kuwadai wananchi: kodi, kura, nguvu kazi. Sala haimo katika daftari hilo.