Tabiri, Lakini Toa Sababu



Kila mashindano makubwa ya soka yanapokaribia, vilima vya Nkungu hujaa watabiri. Dereva wa pikipiki anajua nani atatwaa kombe, fundi cherehani anajua nani atatolewa mapema, na mwanafunzi wa sekondari anajua mchezaji gani hakustahili kusajiliwa. Sina ugomvi na furaha hiyo. Hoja yangu leo ni moja tu: anayetabiri matokeo ya mechi, au anayehukumu usajili wa mchezaji, ametoa dai, na kila mwenye dai hudaiwa sababu. Tukizoea kupokea madai matupu kuhusu mpira, tutayapokea pia katika mkutano wa wananchi, na huko hasara yake ni kubwa kuliko bao la kufungwa.

Wewe unayejifunza Kiswahili tayari unazo zana za kazi hii. Tazama vitenzi vinne: kutumaini, kukisia, kutabiri na kujua. Anayetumaini anaeleza moyo wake, wala hadaiwi ushahidi. Anayekisia ana habari chache, naye anakiri hivyo. Anayetabiri ametazama dalili, akazipima, kisha akasema lipi linaelekea kutokea. Anayejua ameshuhudia, au ana ushahidi usiopingika. Kabla ya filimbi ya mwisho hakuna ajuaye, hata kama anapaza sauti.

Kiambishi cha wakati ujao, -ta-, ni kifupi na kina kishindo: "Rwanda itashinda." Ukisikia sentensi hiyo, huwezi kutambua kama msemaji anatumaini, anakisia au anatabiri. Sasa linganisha: "Natumaini Rwanda itashinda." "Huenda Rwanda ikashinda." "Yaelekea Rwanda itashinda kwa kuwa..." Sentensi hii ya tatu ndiyo ninayoitetea, kwa ajili ya yale maneno mawili, "kwa kuwa". Hapo ndipo msikilizaji anapata kitu cha kupima.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Swali ni hili: katika soka, mawingu ni yapi? Wengi hutazama wingu moja tu, yaani mechi ya mwisho. Tarehe 21 Novemba 2023, mjini Huye, timu yetu ya Amavubi iliifunga Afrika Kusini mabao 2-0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Ulikuwa ushindi wa haki na wa kujivunia. Lakini haikupita miezi mitatu kabla Afrika Kusini hiyohiyo kutwaa nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika, nasi tukiwatazama kwenye runinga. Mechi moja hutuambia lililotokea siku ile. Haituambii peke yake timu ipi ni bora.

Wingu la pili, ambalo wengi hawalitazami kabisa, ni kanuni za mashindano. Novemba 2024 Amavubi walikwenda Uyo wakawafunga Nigeria 2-1. Walimaliza kundi lao wakiwa na pointi 8, sawasawa na Benin. Waliofuzu walikuwa Benin. Kwa nini? Kwa sababu timu zinapolingana pointi, hutazamwa kwanza mechi zilizozikutanisha zenyewe. Oktoba mwaka uleule Benin walikuwa wametufunga 3-0 mjini Abidjan, nasi tukawafunga 2-1 mjini Kigali. Jumlisha mwenyewe. Aliyedhani kwamba kuwafunga Nigeria kungetosha alikuwa hajasoma kanuni.

Kanuni hizohizo huokoa. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, wenyeji walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta tarehe 22 Januari. Kocha Jean-Louis Gasset aliondoka, na Emerse Faé akashika nafasi yake. Ilikuwa rahisi kusema kwamba wamekwisha. Lakini timu zilikuwa 24 katika makundi 6, na timu 4 bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu ziliruhusiwa kusonga mbele. Wenyeji walipita kwa pointi 3, na tarehe 11 Februari wakaifunga Nigeria 2-1 katika fainali. Sidai kwamba kuna mtu alipaswa kuliona kombe lile mapema. Ninasema tu kwamba "wamekwisha" halikuwa neno la mtu aliyesoma kanuni.

Wingu la tatu ni aina ya mashindano. Katika CHAN hucheza wale tu wanaochezea klabu za nchi zao. Anayetabiri CHAN kwa kuhesabu majina yanayovuma Ulaya anapima mtama kwa kipimo cha maziwa. Na hata ukijua hilo, unyenyekevu unahitajika. Agosti 2025, katika CHAN iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, Kenya iliifunga Moroko 1-0 kwenye makundi. Mwishowe Kenya ilitolewa na Madagaska katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, na Moroko ikaifunga Madagaska 3-2 katika fainali jijini Nairobi.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, kimo ndani yetu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi wa Rusizi tunalijua hili kuliko wengi, maana kati yetu na Bukavu kuna mto tu. Tarehe 30 Januari 2016, Rwanda na Kongo zilikutana katika robo fainali ya CHAN jijini Kigali. Kongo ilishinda 2-1 baada ya muda wa nyongeza, kisha ikatwaa kombe kwa kuifunga Mali 3-0. Katika mechi kama ile, aliye Kamembe na aliye Bukavu hutazama wachezaji walewale, lakini kila mmoja huona mawingu yake. Kuipenda timu yako si kosa. Kosa ni kuyavika mapenzi hayo joho la utabiri. Jiulize swali moja la haki: kama jezi zingebadilishwa, je, ningesema vivyo hivyo?

Sasa tuje kwenye usajili wa wachezaji, kwani hapa lugha yetu inahitaji uangalifu zaidi. Tunasema mchezaji "ameuzwa" au "amenunuliwa". Tumezoea, lakini kumbuka kwamba mtu hauzwi. Kinacholipiwa ni kuvunja mkataba wake na klabu ya zamani ili asajiliwe na klabu mpya. Neno baya zaidi ni "usaliti". Mwaka 2017 Haruna Niyonzima, nahodha wa Amavubi mzaliwa wa Rubavu, alihama kutoka Yanga kwenda Simba, klabu mbili za Dar es Salaam zilizo na uhasama wa miaka mingi. Kwa wengine huo ulikuwa usaliti. Mimi naona mfanyakazi aliyebadili mwajiri. Watu wangapi wa wilaya yetu huvuka mpaka kwenda kutafuta riziki? Hatuwaiti wasaliti. Iweje mcheza mpira anyimwe haki tunayompa muuza mboga?

Usajili nao unahukumiwa kwa sababu, na hukumu yake huhitaji muda. Picha ya mchezaji akiwa ameshika jezi mpya haithibitishi kitu. Uliza: ana umri gani? Amecheza mechi ngapi msimu uliopita? Klabu ilihitaji mtu wa nafasi yake? Mkataba ni wa miaka mingapi? Meddie Kagere alipojiunga na Simba mwaka 2018 akitoka Gor Mahia ya Kenya, alikuwa amekwisha kuvuka miaka 30. Anayetazama umri peke yake angemkataa. Kagere akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Tazama pia safari ya Fiston Mayele: kutoka AS Vita ya Kinshasa kwenda Yanga mwaka 2021, kisha Pyramids ya Misri mwaka 2023. Mwaka 2025 alitwaa na Pyramids ubingwa wa klabu za Afrika. Nao Yanga, msimu wa kwanza bila yeye, walitwaa tena ubingwa wa Tanzania. Aliyelia kwamba klabu imekufa, na aliyemwambia mchezaji kwamba amepotea, wote wawili walihukumu mapema.

Sipendi kuliacha jambo la fedha, kwa sababu ndilo linalowaumiza vijana. Utabiri usio na sababu una soko lake, nalo ni michezo ya kubahatisha. Sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18, lakini hata aliyetimiza umri anapaswa kujua hesabu. Chukua mfano. Mechi ina pande mbili zilizo sawa, na kila upande unalipa mara 1.90. Ukiweka faranga 1,000 kila upande, umetoa 2,000, na yeyote akishinda utapokea 1,900. Faranga 100 zimebaki kwa mwenye kampuni, naye hakuhitaji kujua lolote kuhusu soka. Sasa unganisha mechi nne katika tiketi moja, kila moja ukiwa na nafasi ya asilimia 60 ya kupatia. Uwezekano wa kupatia zote nne si 60. Ni takribani asilimia 13. Kijana anayesema "najua" amenunua tiketi hiyo kwa ada ya shule.

Huenda ukaniambia: "Mwalimu, mpira ni burudani. Mbona unatubebesha mzigo?" Ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba utani ubaki utani, na ushabiki ubaki ushabiki. Wote tunautambua tunapousikia. Lakini mtu akisema kwa uzito kwamba jambo fulani litatokea, na akataka tumwamini, amevuka kutoka kwenye utani kuingia kwenye dai. Kumuuliza "kwa nini?" si kumharibia furaha. Ni kumheshimu, kwa maana tumemchukulia kuwa mtu mwenye fikra.

Raia naye huishi katikati ya tabiri. Anaambiwa kwamba barabara itakamilika, kwamba mbegu mpya zitazaa maradufu, kwamba ushirika utaleta faida. Kila mara -ta-, -ta-, -ta-. Aliyezoea kuuliza juu ya soka atajua kuuliza hapa pia: Umetegemea nini? Lini tutajua? Ni jambo gani litatuonyesha kwamba haikuwa hivyo? Maswali hayo si utovu wa adabu. Yaulize kwa upole, lakini yaulize.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa majirani zetu wanaozungumza lugha unayojifunza. Jiandae kuanzia sasa. Chukua daftari ugawanye ukurasa sehemu nne: tarehe, utabiri, sababu, na jambo litakalonifanya nibadili mawazo. Andika kabla ya mechi, kwa sentensi kamili. Baada ya mechi usifute chochote. Soma sababu yako tena uone kama ilisimama, maana mtu aweza kupatia matokeo kwa sababu mbovu, na aweza kukosa matokeo kwa sababu nzuri. Ukitoka na sababu nzuri na timu yako imefungwa, utakuwa umepoteza mechi tu.