Tapeli Havunji Simu

Mtu akipigwa hela kwa simu, kabla hajafika hata kituo cha polisi kesi yake imeshahukumiwa kijiweni. Mmoja atasema aliyepigwa ni mshamba. Mwingine ataapa kwamba kule kampuni ya simu kuna mtu wa ndani anayeuza majina. Wa tatu atamshukuru Mungu kwamba yeye hana chochote cha kuibiwa. Hukumu hizi utazisikia kwenye daladala, msibani, na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Nyingi hazina ukweli, na anayezisema ndiye anayebaki wazi meseji inayofuata ikiingia. Kwa hiyo nizichukue moja moja.

"Anayetapeliwa ni mshamba." Hili ndilo linalosemwa kuliko yote, na tapeli angelilipia tangazo kama angeweza. Itazame meseji ambayo karibu kila mwenye laini Tanzania ameshaipata: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Meseji hiyo haimjui anayeipokea. Haina jina lake, haina kiasi, haisemi hela ya nini. Nguvu yake iko hapohapo. Imerushwa kwa namba nyingi kwa mpigo, na miongoni mwa walioipokea hakosi mmoja ambaye dakika ileile alikuwa anajiandaa kutuma hela kweli: kodi kwa mwenye nyumba, ada ya mtoto Januari shule zinapofunguliwa, mchango wa harusi, malipo ya fundi. Kwa wengine wote ni takataka, wanafuta. Kwa huyo mmoja imeingia kama jibu la jambo alilokuwa nalo kichwani. Mhasibu mwenye shahada na muuza mchicha wanalingana hapo, kwa sababu kinachopimwa si elimu. Ni kama siku hiyo ulikuwa na deni la kulipa.

Halafu kuna yale maneno "jina litakuja fulani". Menyu ya kutuma hela huonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, na iliwekwa hivyo makusudi ili aliyekosea namba ajigundue mapema. Tapeli ameitangulia. Anakutajia mwenyewe jina la laini anayoitumia, jina ambalo wala si la mwenye nyumba wako, na unapoliona kwenye kioo unajisemea, "Eeh, ndilo aliloniambia." Kinga imegeuzwa kuwa ushahidi wa upande wake. Aliyebuni sentensi hiyo fupi ametusoma vizuri kuliko wengi wanaotoa semina za usalama wa mtandao.

Wala usidhani huko nyuma kuna kijana aliyezungukwa na kompyuta. Takwimu ambazo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, huzitoa kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Huko mtaji wa kazi hiyo si kompyuta, ni laini, meseji za bando na subira.

Na kama ushamba ndio ungekuwa chanzo, tusingeona yale ya upatu wa DECI mwaka 2009, watu walipopanga foleni kupanda hela ili wavune, wakiwamo watumishi na waumini waliokwenda shule. Mwanzoni mwa 2025 ikaja zamu ya LBL, ambako mtu alilipia nafasi ya kutazama vipande vya filamu kwenye simu ili alipwe. Upatu ni uleule, umehamia kwenye kioo.

"Amenitajia majina yangu yote matatu, lazima ni mtu wa kampuni." Siwezi kuapa kwamba hakuna mfanyakazi hata mmoja asiye mwaminifu. Ila tapeli hana haja naye. Chukua namba yoyote, anza kuitumia shilingi elfu moja kwa menyu ya kawaida, *150*00# au nyingine, na kabla hujaombwa namba ya siri utaona jina la mwenye laini. Ghairi. Hujatumia hata senti na umeshapata jina lake kamili kama lilivyosajiliwa. Muda mfupi baadaye unampigia: "Habari yako, naongea na fulani bin fulani? Hapa ni huduma kwa wateja." Sauti imetulia, nyuma yake kuna kelele za watu kama ofisi. Anayesikia jina lake hadi la babu anaona huyu hawezi kuwa wa mtaani.

Jina lako, basi, si siri na lisitumike kama kitambulisho cha anayepiga. Huduma kwa wateja wa mitandao ya Tanzania hupiga kwa namba 100. Safaricom ya Kenya hupiga kwa 0722 000 000. Aliyepiga kwa namba ya kawaida na kujiita ofisi, mkatie, kisha piga mwenyewe 100. Usimwambie kwamba unakwenda kuhakiki, maana atakuomba msimalize mazungumzo, atakutisha kwamba laini inafungwa ndani ya dakika tano, atakupa namba ya "meneja". Kata tu. Tumelelewa kwamba kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu, nao matapeli wanaijua adabu hiyo na wanaila.

Na jina si pekee linalozagaa. Simama kwa wakala yeyote uangalie kile kitabu chake cha miamala: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi, na mara nyingine namba ya kitambulisho. Ukurasa uko wazi juu ya meza, na kila anayekuja kutoa hela anaandika chini ya aliyemtangulia huku akimsoma. Mtu aliyesoma mistari mitano anaweza kumpigia wa tatu na kumwambia, "Ulitoa laki mbili jana saa kumi, kuna tatizo kwenye muamala wako." Nani asingeamini? Kwenye mageti ya majengo ya ofisi kuna daftari jingine la wageni, tena huko wanaandika na uendako. Nakala za vitambulisho tunazoacha kwa madalali na kwenye ofisi ndogondogo nazo haziishii hapo. Karatasi za ofisi zilizotupwa tumeshazipokea zimefungia karanga na maandazi. Unapotoa nakala ya kitambulisho, andika kwa kalamu kukatiza juu yake: kwa ajili ya kupanga nyumba tu, na tarehe. Mwenye nia njema hatalalamika.

Sheria inakuunga mkono hapa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume yake. Kenya ilipitisha ya kwao mwaka 2019. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa aseme anazitaka za nini. Kumuuliza mlinzi swali hilo getini kunachosha, najua, na mara nyingi jibu ni "ndivyo tulivyoambiwa". Uliza hata hivyo.

"Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, atakamatwa tu." Usajili huo ulikamilishwa kwa shinikizo kubwa, hadi laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Ni kweli kila laini ina kidole. Swali ni kidole cha nani. Kijana wa usajili yuko chini ya mwavuli, umempa namba ya NIDA, umeweka kidole. "Hakijasoma, mama. Kifute, weka tena." Unafuta kwenye khanga, unaweka tena. "Kile kingine." Umeondoka na laini yako moja, na nyuma yako huenda imebaki nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako, tayari kuuzwa. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina "litakalokuja" ni lako, na askari watakaofuatilia wataanzia kwako. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika waifute.

"Mimi sina cha kuibiwa, salio langu ni sifuri." Salio sifuri halimkatishi mtu tamaa siku hizi, kwa sababu laini yako inakopesheka. Kenya wana M-Shwari tangu 2012 na Fuliza tangu 2019. Huku tuna M-Pawa na Songesha. Aliyepata namba yako ya siri na laini yako anaweza kukopa kwa jina lako, akachukua, akakuachia marejesho. Kisha kuna kitu cha thamani kuliko salio, nacho ni watu wanaokuamini. Mtu akiiteka WhatsApp yako haombi kwako, anaomba kwa shangazi yako: "Shikamoo shangazi, nimekwama hospitali, nisaidie elfu themanini, nitakurudishia kesho." Shangazi atakataaje? Na mlango wenyewe wa kuingilia ni mdogo: anakuambia amekutumia msimbo wa tarakimu sita kwa bahati mbaya, umsomee. Hakukosea. Anaifungua akaunti yako kwenye simu yake na WhatsApp imekutumia wewe msimbo ili kuthibitisha. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio leo hii, ni kazi fupi.

Programu za mikopo ya haraka zimeonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ulipopakua mojawapo, iliomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, ukakubali bila kusoma. Ulipochelewa kulipa siku mbili, bosi wako, mchungaji na mama mkwe wakapokea meseji kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu 69 za aina hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wanaosema hawana siri wajiulize kama mama mkwe naye alitoa ruhusa hiyo.

"Natumia kitochi, hayo ya mtandaoni hayanihusu." Meseji inaingia kwenye kitochi. Menyu ya hela inafunguka kwenye kitochi. Tuendelee.

"Aliyekosea namba nimrudishie, ndio uungwana." Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu msemaji wake ni mtu mwema. Inaingia meseji kwamba umepokea shilingi 85,000, kisha simu: mama analia, alikuwa anamtumia mtoto wa chuo, amekosea tarakimu moja. Mara nyingi hiyo meseji ya kwanza ni ya kubuni, imeandikwa kwa mkono na kutumwa kutoka namba ya kawaida, wakati ya kweli hubeba jina la huduma yenyewe sehemu ya mtumaji. Usiamini meseji, fungua menyu uangalie salio. Lakini hata ukikuta hela imeingia kweli, usiitume wewe. Kuna wanaotuma kweli, wanarudishiwa na mpokeaji mwenye huruma, kisha wanadai kwa kampuni muamala ule wa kwanza nao urudishwe, wakapata mara mbili. Mwambie: "Dada yangu, piga huduma kwa wateja wairejeshe, mimi sitaigusa." Kama ni mkweli hela yake itarudi kwa njia hiyo, na wewe hujamdhulumu. Kama si mkweli ataanza kutukana, nawe umeshapata jibu.

Utaona kwamba katika yote haya simu ya mtu haikuvunjwa. Anayeweka namba ya siri ni mwenye simu, kwa kidole chake, akiamini analipa kodi au anamsaidia mama wa watu. Ndiyo maana kubadilisha namba ya siri kila mwezi hakusaidii sana, wakati kukataa kumaliza jambo la hela ndani ya mazungumzo aliyoyaanzisha mwingine kunasaidia karibu kila mara. Mwenye nyumba amebadilisha namba? Mpigie kwa ile ya zamani. Mwanao amekwama? Mpigie, usikie sauti yake, na kama hapatikani mpigie mwenzake wa chumbani.

"Ikishaenda imeenda, polisi ni kupoteza muda." Kuna ukweli nusu. Hela ikishafika kwa wakala na kutolewa, kuipata ni kazi. Lakini kati ya kutuma na kutolewa kuna dakika kadhaa, na hizo watu huzimaliza wakimpigia tapeli kumbembeleza au kumlaani. Piga 100 kwanza, sema umetapeliwa, taja namba ya muamala iliyo kwenye meseji, omba hela izuiwe. Baada ya hapo ndipo uende kituoni ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, ukiwa na meseji zote bila kufuta hata moja, kwa sababu mtandao na mpelelezi watazihitaji. Na ile meseji ya utapeli, hata kama hukuliwa kitu, itume bure kwenda 15040. Walio Kenya kwenye Safaricom wanatuma kwenda 333. Namba zilizoripotiwa hukaguliwa na kufungiwa. Inachukua muda mfupi kuliko kuisambaza kwenye kundi la familia na kuandika "jamani kuweni makini".