Nimepigwa tochi: nilipe au nibishe?

Ndugu msomaji, kama unaendesha gari katika nchi hii, sina haja ya kukueleza kirefu. Unatoka porini, unaingia kijijini, na mguu wako bado uko kule porini. Askari wa sare nyeupe anatokea chini ya mti, ananyanyua mkono. Unapaki pembeni, unashusha kioo. Kabla hujamaliza salamu anakuonyesha simu yenye picha ya gari lako, namba zinasomeka vizuri, na kasi yako imeandikwa hapo hapo.

Yangu ilikuwa 68. Mahali penyewe ni pa 50.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa wanne ndani ya gari, tunakwenda kumzika mzazi wa mwenzetu, na ibada ilipangwa kuanza saa saba mchana. "Mzee wangu, umepigwa tochi kule shuleni," yule askari aliniambia kwa adabu kabisa. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili. "Ile alama ya 50 hukuiona?"

Nikamjibu upesi kuliko nilivyofikiri: "Sikuiona, afande. Pale hakuna alama."

Naomba uishike sentensi hiyo, maana nitairudia.

Kiti cha nyuma, mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana akaninong'oneza: "Mpe ya soda, baba, tutachelewa mazishi." Sikumpa. Ningependa kukuambia kwamba ni kwa sababu ya imani, lakini ukweli ni kwamba mfukoni nilikuwa na noti za elfu kumi tu, nami nikajiuliza ni soda gani hiyo ya elfu kumi. Wakati nawaza hayo, binti alikuwa ameshaandika. Mashine ikatoa karatasi: shilingi 30,000, na namba ya kulipia. "Kama hukubali, mzee, mahakama ipo," akasema bila kejeli, akaturuhusu. Mazishi tuliyawahi, tena tukasubiri jeneza kwa muda mrefu.

Mahakama ipo. Maneno hayo yalikaa kichwani mwangu wiki nzima. Wengi wetu hatuyafikirii kabisa. Ukiandikiwa faini barabarani, tumezoea kuona njia mbili tu: kulipa huku unanung'unika, au kumalizana pale pale chini ya mti. Lakini ile karatasi si hukumu. Ni taarifa kwamba unatuhumiwa kuvunja Sheria ya Usalama Barabarani. Unaweza kukiri na kulipa, na unaweza kukataa ili upelekwe mbele ya hakimu, askari aeleze alichokiona nawe ueleze chako. Ni haki yako kama ilivyo haki ya mtu mwingine yeyote anayetuhumiwa.

Hapo ndipo tunapokwama sisi watu wa kanisani. Nilipowaambia wenzangu kwenye jumuiya kwamba nafikiria kwenda kubisha, wawili walinitolea Warumi 13 kabla sijamaliza. Mamlaka imetoka kwa Mungu, Mkristo hashindani nayo, lipa yaishe. Nami nimewahi kuihubiri sura hiyo hivyo hivyo, nakiri. Ila tusisahau kwamba aliyeiandika ni Paulo, na Paulo huyo huyo, miaka michache baadaye, alisimama mbele ya liwali Festo akakata rufaa kwa Kaisari. Na kabla ya hapo, kule Filipi, alipopigwa viboko hadharani bila kuhukumiwa na asubuhi akaambiwa aondoke kimya kimya, alikataa kuondoka. Aliwataka wakubwa waliomfunga waje wenyewe wamtoe. Wakaja, tena kwa hofu. Kule Yerusalemu, wakiwa wameshamfunga kamba ili apigwe, alimuuliza akida kama sheria inaruhusu kumpiga Mrumi asiyehukumiwa.

Paulo hakuona kwamba kudai utaratibu ni kukosa unyenyekevu. Wala Nikodemo hakuona hivyo, alipowauliza wenzake kama torati yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wakamjibu kwa dharau, lakini swali lake lilikuwa halali.

Nina jirani yangu, kijana mwenye kirikuu cha kubebea mizigo sokoni. Mwaka jana alikuta gari lake linadaiwa faini ya mwendokasi kwenye mkoa ambao kirikuu hicho hakijawahi kufika, na sidhani kama kingefika. Alitaka kulipa tu. "Baba, nikienda kuhangaika nao napoteza siku mbili za kazi, na siku mbili ni zaidi ya hiyo elfu thelathini." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hata hivyo nilimsihi asilipe. Kulipa maana yake ni kukubali kwamba ulitenda, na yeye hakutenda. Tunaita amani, lakini ni amani iliyonunuliwa kwa uongo, na uongo haugeuki kuwa unyenyekevu kwa sababu tu umetugharimu fedha. Isitoshe, kosa lililoandikwa vibaya likilipwa kimya kimya, aliyeliandika hatajua kwamba alikosea, na kesho ataandikiwa mwingine. Akaenda. Wakaitafuta picha, wakakuta herufi ya mwisho ya namba ni F, yeye wamemwandika E. Deni likafutwa. Alipoteza siku moja na nusu, na aliniambia bado ananidai chai.

Kwa hiyo nilikuwa na Maandiko upande wangu, na mfano wa jirani upande wangu. Nilikuwa pia na ushahidi, au niliamini ninao. Jumatano nikarudi kule kijijini kuupiga picha. Ni safari ya zaidi ya saa moja, na mafuta niliyochoma usiniulize.

Nikakuta nilisema kweli. Nguzo ya alama ipo, lakini tawi la mwembe limeanguka juu yake, na kwa dereva anayetokea upande niliotokea mimi kinachoonekana ni majani matupu. Nikapiga picha kwa mbali, kwa karibu, na nikiwa ndani ya gari ili hakimu aone kile alichokiona dereva. Nilijisikia kama wakili.

Pembeni alikuwepo mama mmoja anachoma mahindi. Nikanunua hindi, nikamuuliza lile tawi lina muda gani.

"Tangu masika," akasema. "Hata sisi tumelichoka." Akaligeuza hindi langu kwenye mkaa. "Lakini baba, nyie wa magari si mnajua kwamba hapa ni shule?"

Nilijua. Nimepita barabara hiyo zaidi ya miaka ishirini. Naujua ukuta wa ile shule na bomba ambalo watoto hunywea maji. Naijua ile alama pia, niliiona ikiwa mpya kabla ya tawi halijaanguka. Siku ile sikuiona, hilo ni kweli. Lakini sikuhitaji kuiona. Nilichokuwa nakwenda kumwambia hakimu, nikiwa nimeapa kwa Biblia mkononi, ni kitu cha kweli kilichopangwa vizuri ili kisikike kama kitu kingine. "Alama haikuonekana" ni kweli. "Sikujua" ni uongo, na kesi yangu yote ilisimama juu ya hilo la pili.

Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mithali 18:17 inalisema kwa njia yake: anayetangulia kueleza shauri lake huonekana ana haki, mpaka atokee mwenzake amhoji. Mimi aliyenihoji alikuwa muuza mahindi, na hakukusudia.

Nilipofika nyumbani nikalisoma tena jibu la Paulo kwa Festo, Matendo 25:11. Nimelihubiri mara nyingi, na kila mara nimekimbilia mwisho wake, pale anapokata rufaa. Mwanzo wake nilikuwa naupita kama nilivyoupita ule ukuta wa shule. Paulo anaanza kwa kusema kwamba kama kweli amekosa, hakimbii adhabu, hata ikiwa ni kifo. Ndipo anasema kwamba kama mashitaka hayana ukweli, hakuna mwenye haki ya kumtoa. Rufaa inakuja baada ya hapo. Kwanza alijiuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza wiki nzima. Nilikuwa nimejiuliza kama ninaweza kushinda, na hilo ni swali la wakili wangu, kama ningekuwa naye. Langu lilikuwa fupi zaidi: nilifanya, au sikufanya?

Usiku huo nikapiga hesabu, maana mimi zamani nilikuwa mwalimu wa hisabati na mazoea hayo hayajaniacha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kwa sekunde. La 68 linakula karibu mita 19. Dereva anahitaji kama sekunde moja tangu aone mtoto mpaka mguu ukanyage breki, na sekunde hiyo peke yake imeshanitoa mita tano mbele zaidi. Kisha breki zenyewe: umbali wa kusimama hauongezeki sawa na kasi, unaongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo kwenye 68 unakaribia mara mbili ya ule wa 50. Nilipozijumlisha, hata kwa breki nzuri na lami kavu, pale ambapo gari la 50 limekwisha kusimama kabisa, langu lingekuwa bado linapita kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Jumamosi ile watoto hawakuwepo shuleni. Bombani walikuwepo.

Kuna andiko moja nimelisikia likitumiwa vibaya sana barabarani, tena na watu wenye Biblia kwenye dashibodi: Mathayo 5:25, kwamba upatane na mshitaki wako upesi mkiwa bado njiani. Watu hulicheka na kuingiza mkono mfukoni. Lakini Yesu anamsemea mtu uliyemkosea, ambaye hana budi kutengenezewa. Yule binti mwenye sare sikumkosea kitu, kwa hiyo hakukuwa na la kupatana naye kwa soda. Niliowakosea walikuwa bombani, na hawakujua hata kwamba nimepita.

Nimelipa. Nilikwenda kwa wakala wa fedha wa mtaani kwetu, nikampa ile namba, dakika mbili ikawa imekwisha. Elfu thelathini si kidogo kwa mstaafu, na ninajua kwa dereva wa kukodi anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni ni chakula cha siku kadhaa nyumbani. Serikali yenyewe iliona hivyo mwaka 2021 ilipoishusha faini ya bodaboda na bajaji hadi elfu kumi. Sikuambii wewe ulipe ya kwako. Sijui picha yako inaonyesha nini. Huenda herufi yako ni F nao wameandika E, na kama ni hivyo nenda, upoteze hiyo siku moja na nusu.

Zile picha za tawi sikuzifuta. Nimeziambatanisha na barua kwa ofisi inayohusika na barabara ile, nikieleza kwamba alama ya shule haionekani, na kwamba mgeni anayepita pale kwa mara ya kwanza ataandikiwa kosa ambalo kweli hakulijua. Huyo akienda kubisha, picha zangu atazikuta ofisini.

Mzee wetu wa kiti cha nyuma aliniuliza Jumapili baada ya ibada, "Baba, ile kesi mlimalizana vipi?" Nikamwambia nimelipa yote. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ningemsikiliza ingekwisha kwa elfu tano.

Barua haijajibiwa bado. Wiki ijayo nina safari nyingine ya upande huo, nami nimeshaweka panga kwenye buti.