NONDO WA KWENYE TAA NA BLANKETI ZETU



Hapa Kakuma mvua kidogo tu ikinyesha, usiku taa ya sola inajaa wadudu. Basi kelele zinaanza: nondo wameingia, blanketi zitaisha! Kesho yake inanunuliwa dawa ya unga, ile ya kufungwa kwenye karatasi isiyo na jina, inamwagwa kwenye nguo na hata kwenye mkeka wa mtoto mchanga. Jamani! Nondo gani huyo wa kuhatarishia mtoto?

Anayeharibu nguo ni mdogo sana, rangi ya dhahabu, akitua ni kama milimita 7. Mwanga anaukimbia, ukifungua sanduku anajificha gizani. Tena anayetafuna ni kiwavi wake, na anapenda sufu na manyoya. Pamba safi haimvutii.

Sasa yule wa kwenye taa, mtazame kabla ya kumpiga ndala. Kama ni wa manjano hafifu, rangi ya nyasi kavu, na kila bawa la mbele lina mstari mmoja mwekundu au wa kahawia unaokatiza mshazari kuanzia karibu na ncha, huyo kwa kitaalamu ni Rhodometra sacraria. Linnaeus wa Sweden alimwandika mwaka 1767. Ameenea sana Afrika, hata sehemu kavu. Mabawa yakiwa wazi ni milimita 22 hadi 28. Akitua anayakunja kama paa la hema. Rangi isikuchanganye, inabadilika kufuatana na joto au baridi aliyopata kiwavi alipojifunga kugeuka nondo.

Kiwavi wake anakula magugu ya jamii ya Polygonum na Rumex. Blanketi hana habari nayo. Katikati ya mwili hana miguu, kwa hiyo anavuta mkia mpaka karibu na kichwa, mgongo unapinda, halafu anajinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shibiri. Ndiyo maana ukoo wake unaitwa Geometridae, kutokana na Kigiriki, wapima ardhi.

Blanketi za sufu zikung'uteni, zianikeni juani, zifungeni kwenye mfuko usio na tundu. Aliyekwisha mwaga dawa afue kila kitu kwa sabuni. Mtoto akitapika au akihema kwa shida, mkimbizeni kliniki pamoja na ile karatasi ya dawa, daktari aione.

Na ninyi watoto, mchoreni nondo mliyemwona kwenye taa, msisahau mistari ya mabawa, halafu mtuletee.